Spoki za Nyuma na Fundi Niliyemshuku

Miaka ya sabini niliishi Silanga, upande wa Kibera unaoelekea bwawani, nikifanya kazi ya useremala Gatina, kule Kawangware. Nilikuwa mtu mnene. Nilipasua mbao kutwa nzima, wala sikuwa mvivu, lakini mwili ulikuwa mwili, na kila asubuhi niliuketisha juu ya baiskeli nyeusi pamoja na sanduku la randa na patasi. Seremala haachi randa yake kwenye karakana ya mtu. Hata wewe usingeiacha.

Karakana ilikuwa ya mzee mmoja mwenye ploti palepale Gatina. Ndani mlikuwa na benchi nne. Nje ya mlango, kila asubuhi, walisimama maseremala watano au sita wasio na benchi. Mlango ukifunguliwa kabla hujafika, mmoja wao anaingia mahali pako. Nami nilikuwa na mke, watoto watatu, na goti bovu lisiloweza kutembea mwendo ule wote. Kwa hiyo benchi yangu ilitegemea gurudumu la nyuma, na gurudumu la nyuma likaanza kuvunja spoki, zile nyaya nyembamba zinazotoka katikati hadi kwenye rimu.

Ya kwanza ilikatika nikipanda kuelekea barabara ya Ngong. Ilitoa mlio kama waya wa gitaa, kisha rimu ikaanza kuyumba na kukwaruza fremu. Nilishuka, nikasukuma hadi kwa fundi wa baiskeli aliyekuwa akikaa kando ya barabara, jirani na mama mmoja muuza makaa. Fundi alitia spoki mpya, akanyoosha rimu, nikaenda zangu. Baada ya siku tatu ikakatika nyingine.

"Mbona zinakatika hivi?" nikamuuliza.

Alitazama chini. "Barabara mbaya, ndugu yangu."

Zikakatika ya tatu na ya nne, na jibu lilikuwa lilelile, na macho yalikuwa chini vilevile. Hapo ndipo nilipoanza kuchunguza. Zote zilikatika upande wa kulia, upande wa mnyororo, kwenye lile pindo linaloingia katikati ya gurudumu. Nikajiuliza, ni barabara gani hiyo inayochagua upande?

Nikachukua vanishi nyekundu ya kazini nikatia kitone juu ya kila spoki. Nilidhani ananitolea zangu nzima na kuniwekea kuukuu. Iliyokatika baadaye ilikuwa na kitone changu. Ungefikiri ningetulia. Kumbe shaka ikishapewa kiti haiinuki; nikasema basi anazikunja kidogo kwa koleo, zinivunjikie mbele ya safari nirudi kwake. Nikamshuku hata jirani tuliyepakana naye mlango, nikaanza kuiingiza baiskeli ndani. Mke wangu akauliza, "Sasa hii ndiyo italala ukutani, na mimi nilale mlangoni?"

Mara mbili nilifika Gatina mlango umeshafunguliwa. Mara zote mbili mzee alinisimamia mlangoni akawazuia wale wa nje, lakini ya pili akaniambia, "Seremala, ukichelewa tena usiniletee hadithi ya baiskeli. Utakuta mtu."

Jumamosi ile, nikirudi nyumbani, zikakatika mbili kwa pamoja. Niliisukuma baiskeli hadi kwa fundi nikaiangusha miguuni pake, mbele ya wateja wake.

"Unanifanyia nini wewe? Unataka watoto wangu wale spoki?"

Fundi akainamia baiskeli. Mama wa makaa ndiye aliyecheka. "Mwambie basi! Usipomwambia wewe nitamwambia mimi. Baba, wewe ni mzito! Hiyo baiskeli inalia kila ukipita, hata mimi naisikia!"

"Mama, acha," fundi akasema. Kisha, kwa mara ya kwanza, akanitazama usoni. "Kwetu mtu hatajiwi mwili wake. Nikisema umenenepa leo, ukikonda kesho utasema ni jicho langu limekuroga. Na wewe, kwa jinsi unavyonitazama kila siku, ungesema."

Kwetu pia ndivyo tulivyolelewa.

Akanieleza, nami nakueleza wewe, maana huenda una mwili kama wangu na fundi wako ni mwenye adabu. Spoki hazikubebi kama miguu ya kiti. Zinavuta rimu kutoka pande zote. Gurudumu likizunguka, ile iliyo chini hulegea kidogo kisha hukazwa tena, mara maelfu kwa safari moja. Ukiwa mzito inalegea zaidi, na waya unaochezwachezwa hukatikia kwenye pindo. Upande wa mnyororo ndio unaovutwa zaidi, kwa hiyo ndio unaotangulia. Na moja ikishakatika, jua dada zake nao wamechoka. Kubadilisha mojamoja ni kungoja msiba unaofuata. Badilisha zote, utie nene, zikazwe sawasawa. Na usione haya kutaja uzito wako; fundi anauhitaji kama fundi cherehani anavyohitaji kiuno chako.

"Zitie basi," nikamwambia. "Na unisamehe."

"Haya," akasema, lakini hakugusa gurudumu. Alinipa ile spana ndogo ya spoki. "Kaza wewe. Mimi nitakuonyesha tu."

Nilikaa juu ya debe mchana ule wote, nikatia na kukaza spoki nene arobaini kwa mkono wangu, robo mzunguko kwa robo mzunguko, yeye akielekeza kwa kidole na kuweka mikono yake mbali, ambapo wateja wote wangeiona.

Jumatatu nilifika Gatina mzee akiwa bado anatafuta ufunguo mfukoni. Niliingia wa kwanza, nikaweka randa juu ya benchi yangu. Spoki zile zilinipeleka na kunirudisha kwa miaka mingi.

Yule fundi niliendelea kumpelekea kazi. Alinisalimu vizuri, akauliza habari za nyumbani. Lakini hata pancha ilikuwa hivyohivyo: alisogeza debe, akaniwekea spana mkononi, akangoja nianze.