Mkazo wa Pili

Watu wa Makandana wanasema fundi Ambindwile akifunga ekzosi, hata harufu inaomba ruhusa kutoka. Mkewe Atuganile anakataa. Anasema mtu anayejua kuzuia moshi namna hiyo angeanza na jiko lake. Lakini Kasim, mwenye duka la vipuri, alipoleta gari lake la mashindano, hakulipeleka kwingine.

Gari hilo halikuwa la kawaida. Lilipopita Igogwe mara ya kwanza, tope liliruka Jumatatu likatua Jumatano, na kuku walirudi kuhakikisha mayai bado yapo. Tatizo lilikuwa mlimani. Hapo lilipiga kelele nyingi na kwenda kidogo.

"Moshi ndio unaozungusha tabo," Ambindwile alimweleza Kasim, "na tabo ndiyo inayoisukumia injini pumzi. Sasa moshi wako unavujia hapa, manifodi inaposhikana na injini. Unaifikia tabo umeshachoka."

"Funga usivuje hata chembe, mzee wangu. Nitaandika jina lako mlangoni, na siku ya mashindano utapanda gari la mafundi."

Jina la Ambindwile lilikuwa limeandikwa mahali pawili tu duniani: kwenye kadi ya kanisa na kwenye kitambulisho, na kwenye kitambulisho walikosea. Tangu siku ile akawa anautazama mlango wa gari kuliko injini.

Obed alikuja kumsaidia bila kuitwa, maana rika haitwi. Walichunga ndama pamoja, wakajenga pamoja, na tangu wakati huo walikula sahani moja. Mtu wa rika lako humfichi kitu. Kwa hiyo Ambindwile alimwonyesha yote: jinsi bati la shaba linavyochomwa mpaka liwe jekundu na kutumbukizwa majini, nalo, tofauti na chuma, likatoka laini, jinsi linavyokatwa kuwa gasketi ya kuziba pengo, jinsi nati zinavyokazwa kidogo kidogo, kuanzia katikati kwenda pembeni. Kisha akaziba mdomo wa ekzosi kwa kipande cha mgomba, akapuliza upepo wa kompresa na kupaka maji ya sabuni kwenye maungio. Hakuna povu lililotoka.

Wakawasha injini mpaka manifodi ikaiva.

"Sasa ipoe," alisema Ambindwile. "Shaba ikishapata moto inajikalia vizuri na nati zinalegea. Lazima zikazwe tena ikiwa baridi kabisa. Huo mkazo wa pili ndio kazi yenyewe."

Hapo ikaja taarifa ya msiba Matwebe. Mazishi hayakimbiwi.

"Nisubiri, mwenzangu. Nikirudi tunamalizia."

"Nenda salama," alisema Obed. "Mimi si nipo?"

Aliporudi jioni, uani palikuwa na kipande cha mgomba tu. Jirani ndiye aliyemweleza. Obed alimwambia Kasim kwamba kazi imekwisha, mikono iliyoifanya ni yake yeye Obed, na Ambindwile ameona maiti wa Matwebe ana maana kuliko gari. Mkazo wa pili aliuona madoido ya mwenzake.

Asubuhi yake, siku ya mashindano, Ambindwile alisimama kando ya barabara, mvua ikimnyeshea yeye zaidi ya wengine. Gari likaja. Mlangoni, kwa rangi nyeupe: FUNDI OBED. Akasoma herufi moja moja, kama mtu anayetafuta kosa. Kisha, chini ya mvumo wa injini, akasikia tik, tik, tik ya moshi unaovuja. Watu elfu moja walikuwa pale. Masikio yaliyosikia yalikuwa mawili. Mlimani gari likapanda kama bibi mwenye kuni kichwani, na bibi angefika kwanza.

Kabla ya mzunguko wa mchana, Kasim mwenyewe alilileta uani kwa Ambindwile. Obed alishuka nyuma yake akitazama viatu.

"Mzee, linavuja," alisema Kasim.

"Muulize mwenye mlango."

Obed akachukua ndoo ya maji. "Tuimwagie manifodi ipoe haraka, tukaze."

"Mwaga," alisema Ambindwile, "upasue manifodi. Jina lako litakaa vizuri kwenye vipande."

Obed akaweka ndoo chini. Wakasubiri chuma kipoe chenyewe, na kusubiri huko kulikuwa kurefu kuliko vita vya dunia.

"Ungeniambia unataka jina," Ambindwile alisema mwishowe. "Ningekupa. Ningekupa na la pili, lile walilokosea."

"Niliona umri unakwenda, ndugu yangu."

"Wangu umesimama?"

Manifodi ilipopoa, akaishika kwa kiganja, akatoa spana. Kila nati ilizunguka kidogo, kuanzia katikati kwenda pembeni, kana kwamba zilikuwa zikimsubiri. Injini ikawashwa. Tik ile haikuwapo tena. Angeweza kuacha nati moja imelegea; alipokuwa akikaza alifikiri hivyo, na hiyo ndiyo aliyoikaza zaidi ya zote.

"Panda gari la mafundi," alisema Kasim. "Mlango nitaufuta, niandike lako."

"Acha. Rangi juu ya rangi inabanduka."

Gari likaondoka likapanda mlima kwa kishindo ambacho, Atuganile anaapa, kiliivisha ndizi zake mbichi. Likawa la pili. Obed hakwenda nalo. Alibaki uani, akajivutia kigoda chake cha siku zote.

Atuganile akatoka na ndizi za mbalaga za moto, sahani moja kubwa, kama alivyofanya miaka yote. Obed akanawa mikono.

"Ndaga, mke wangu," alishukuru Ambindwile. "Lete na sahani nyingine."

Atuganile akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akarudi ndani kuitafuta. Ilimchukua muda. Katika nyumba ile, kwa ajili ya Obed, haikuwahi kuhitajika.