Zamu ya Maji, Alhamisi Saa Saba

Mjukuu wangu anayenipigia chapa maneno haya amenipa sharti: bibi, usitaje majina. Haya. Mie niliyeishia darasa la nne nakumbuka jina la kila nyati wa kufugwa tuliyemkama, la kila mfereji, na la mtu aliyetuibia ndoo na la baba yake. Nitayameza yote. Wenye elimu wameshasema.

Basi ni wilaya isiyo na jina, huko Sindhi, ng'ambo ya bahari. Baada ya mapinduzi, Unguja, baba yangu alitukusanya akasema, "Tunarudi kwetu." Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, nikageuka kutazama hako kwetu kako upande gani. Babu wa babu yake ndiye aliyetoka huko, na tangu atoke hakuna aliyekwenda hata kusalimia. Tukarudi tusikowahi kufika.

Kwetu kwenyewe bapa kama sinia. Hakuna kilima hata cha kumchosha mbuzi. Mto mkubwa unapita upande wa machweo, na zamani ulikuwa ukifurika unapotaka. Waingereza wakauwekea ukuta, wakachimba mifereji, wakaenda zao. Mifereji ikabaki, na chumvi ikapanda kutoka chini mpaka makonde mengine yakawa meupe kama yamemwagiwa unga. Karibu yetu palikuwa na magofu ya mji wa kale wa matofali. Wageni wakija kupiga picha mitaro yake ya maji machafu, wakistaajabu watu wa kale walivyostaarabika. Sisi wa zama hizi, mashallah, tulikuwa tukienda kichakani.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya Wahindu waliokimbia nchi ilipogawanywa, Waislamu huku na Wahindu kule. Ukutani palikuwa na kidaka chao cha kuombea. Mama akaweka birika. Kila nikilitazama birika lile nikimfikiria anayelala kitandani kwangu Unguja, kidakani mwangu kaweka nini. Sikuuliza mtu. Ningemuuliza nani?

Mwaka wa pili nikaozwa mkulima. Bwana wangu akipanda ngano wakati wa baridi, mpunga na pamba wakati wa joto, na mazungumzo yake ya mapenzi yalikuwa maji. Kule maji ni kwa zamu. Kila shamba lina siku yake na saa zake katika wiki, kwa kadiri ya ardhi. Yetu ilikuwa Alhamisi, saa saba mchana mpaka saa kumi. Saa yako ikifika unakata tuta kwa jembe, maji yanaingia yanalala konde zima. Ya mwenzio ikifika, unaziba. Ukichelewa, ngoja wiki. Ukila maji ya zamu ya mtu, umejichimbia kaburi. Na juu ya wote yuko mlinzi wa lango la mfereji, mtu wa serikali, hali rushwa hata kidogo. Anakula kuku tu, na samli.

Uzeeni watoto wakatuita London, wakatuweka Ilford. Bwana wangu akakaa kwenye kiti karibu na hita, miezi minane, hasemi. Daktari akampa vidonge. Mjukuu akampatia dawa: kibustani cha kukodi cha kaunsili, serikali yao ya mtaa, upana wa mikeka sita ukiitandika vizuri. Siku ile ile akauliza, "Jembe liko wapi?" Nikajua mume wangu karudi. Bila ya kile kipande ningebaki nalea kiti kilichovaa koti.

Akajenga matuta, akakata mfereji kutoka kwenye bomba, akapanda bamia na uwatu. Akajipa na zamu: Alhamisi, saa saba. Ubaoni, pale getini, pameandikwa maji ni kwa kopo tu, bomba lisiachwe wazi. Yeye hakusoma. Mie nilisomewa, nikaona hayo mambo yao.

Alhamisi moja ya joto kali akafungulia bomba, akaketi na chai yake, mie na mjukuu kando yake. Kumbe mbweha, maana London nao wanazurura mitaani, wametoboa tuta. Maji yakapita, yakaingia kwa jirani, mzee wa Kiingereza, yakavilalia vitunguu alivyokuwa akivilea kwa ajili ya mashindano, bado kidogo avifunike blanketi. Akaja mbio na mabuti yake, mwekundu kama nyanya.

Bwana wangu anasema Kisindhi. Mjukuu anasikia Kiswahili, anajibu Kiingereza. Mie katikati, daraja bovu.

"Mwambie huyu mzee kala maji ya zamu yangu," bwana wangu akasema. "Ayarudishe."

"Yeye ndiye anayelalamika, bwana wee."

"Analalamika nini, na maji yangu yako kwake?"

Kwa sheria ya kule, yule alikuwa mwizi wa mchana kweupe. Nikamgeukia mjukuu: "Mwambie mzee huyu kwamba babu yako anaomba radhi sana."

"Mbona uso wake hauombi, bibi?"

"Wee sema tu!"

Radhi ile haikufua dafu. Ikaja barua ya kamati ya bustani: Jumapili kikao, na huenda tukanyang'anywa. Bwana wangu akarudi kwenye kiti chake cha hita.

Kule, ugomvi wa maji ukifika kwenye damu na wanaume wameshindwa, hutumwa wanawake. Wanakwenda wamejitanda, na msahafu mkononi, wanasimama mlangoni kwa aliyekosewa. Hawakai, hawanywi, mpaka asamehe. Mwanamume mwenye haya hawarudishi. Nimeona mtu kasamehe damu ya nduguye, sembuse vitunguu.

Jumamosi nikajitanda, nikamkokota mjukuu. Msahafu niliuacha nyumbani, yule mzee asije akadhani tumekwenda kumsilimisha. Tukasimama mlangoni pa kibanda chake cha bustani. Mzee akatoka. Akamuuliza mjukuu kama naumwa. Akaleta kiti, sikukaa. Akachemsha chai, akanitilia, sikupokea.

"Bibi, unatuaibisha!"

"Mwambie sikai wala sinywi mpaka asamehe."

Akaambiwa. Akanitazama mimi, akaitazama chai. Mwingereza atavumilia mafuriko, lakini si chai inayopoa mkononi mwake. "Basi, basi," akasema, "yamekwisha, mama, kunywa." Nikanywa. Haikuwa na sukari, nikamsamehe na mimi.

Jumapili akatusemea kikaoni. Bustani tukaachiwa, kwa sharti: bomba litiwe kufuli, ufunguo akae nao jirani, amfungulie bwana wangu muda wa saa moja kila wiki ajaze makopo yake. Nikaenda kumwambia pale kitini, safari hii neno kwa neno, huku naogopa.

"Ufunguo anao yeye peke yake?" akauliza.

"Peke yake."

"Anafungua lini?"

"Alhamisi, saa saba."

Akainuka, akavaa kofia yake. "Kumbe na nchi hii ina mlinzi wa lango," akasema. "Kuku wanauzwa wapi?"

Nikamwambia aanze na bamia.