Kopo la Baruti Nililolinyamazia

Alhamisi iliyopita nilikuwa kwa kinyozi wangu Mkongo, hapa mtaani Albert Park, povu limejaa kidevuni, aliponiambia kama mtu anayetaja bei ya nyanya: "Ule papa ya Westville, ule ya bunduki, amekufa. Juzi." Nilifumba macho. Alidhani nimeshikwa na huzuni, akanipa pole na kuendelea kuninyoa taratibu, kwa heshima. Huzuni ilikuja baadaye. Kilichonishika pale kitini kilikuwa aibu, na kwa kuwa ninyi wasomaji wangu mmenivumilia miaka mingi nikiwahukumu wengine katika safu hii, leo kaeni mnihukumu mimi.

Marehemu alitoka Lubumbashi akiwa kijana, akafanya ufundi wa vyuma kwenye karakana za bandari ya mji huu mpaka akastaafu. Alikuwa mlenga shabaha. Wengi wenu mlimwepuka kwa sababu hiyo, nami siwalaumu. Watu tuliokimbizwa na mtutu hatufurahi kusikia kwamba mwenzetu ana bunduki kabatini, hata kama vibali vyote anavyo. Lakini yule mzee hakuwahi kuua hata njiwa. Alichopenda ni kugonga bamba la chuma lililosimamishwa mbali mno, ambalo jicho tupu halilioni, na risasi za dukani hakuzitaka. Alizitengeneza mwenyewe, mojamoja, gerejini kwake: ganda, fataki, baruti iliyopimwa kwenye mizani ndogo, kisha kichwa cha risasi. Nilikwenda mara ya kwanza kumhoji kwa ajili ya safu hii, nikanogewa, nikawa mgeni wa kila Jumamosi.

Mwaka ule, sasa ni miaka mitatu, alikuwa amechongewa bunduki mpya kwa kipimo cha bega lake mwenyewe, baada ya kuisubiri miezi mingi. Bunduki ya namna hiyo, alinifundisha, ni kama tumbo la mgonjwa: ina chakula chake, na hukijui mpaka ujaribu. Basi alijaribu. Anaongeza punje chache za baruti, anakwenda uwanjani kupiga, anarudi, anaandika kwenye daftari, anaanza upya. Alikuwa amekaribia kabisa kukipata. Mashindano yalikuwa baada ya mwezi mmoja, naye alitaka ashindane japo mara moja kwa bunduki aliyoilisha kwa mkono wake, kabla uzee haujamnyima. Kwangu mimi alikuwa na amri moja tu, aliyoirudia kila Jumamosi. "Kopo moja tu pa meza. Baruti mbili zikichanganyika, bunduki itakupasukia pa uso. Na wewe usiguse kitu, sawa?"

Jumamosi moja binti yake alimwita ndani, ndugu zao wa Kongo wamepiga simu. Akavua aproni, akaitupa mezani, akaniacha peke yangu. Nikaiona baruti iliyobaki kwenye kipimio, na kiherehere changu mnakijua. Nikaimimina kwenye kopo la kwanza nililoliona, pale rafuni. Kumbe lile lilikuwa na baruti ya aina nyingine, ya bunduki yake ya zamani. Kopo la siku ile lilikuwa palepale mezani, limefunikwa na aproni. Nililigundua kosa mfuniko ukiwa bado mkononi mwangu. Nikajiambia ni kijiko kimoja tu. Nikafunga kopo. Aliporudi tukazungumza habari za mpira, kisha nikaaga nikaenda kula. Nilimwacha mtu na kitu kilichoweza kumtoa macho, nami nikala vizuri tu.

Aliokolewa na umakini wake. Wiki iliyofuata nilimkuta ameinama juu ya karatasi nyeupe, amemwaga baruti kidogo, anatenganisha kwa ncha ya kisu punje ndefu na punje fupi. "Angalia," akaniambia. "Iko mbili ndani. Ni mimi nimefanya hii. Miaka makumi tatu, hata siku moja haijatokea." Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nikasema, "Labda ulichoka, Papa." Msinipe heshima ya kusema nilinyamaza tu. Nilimsaidia mzee wa watu kujitia hatiani. Akatikisa kichwa. "Hapana. Baba yangu pia, ilianza hivi. Kichwa inakwenda, na wewe haujui. Mtu wa namna ile hapana kushika baruti." Akalimwaga kopo zima kwenye nyasi, akafunga daftari, na kabla mwezi haujaisha bunduki zote mbili zilikuwa kwa muuzaji. Mashindano yakafanyika bila yeye. Nami nikaanza kuwa na shughuli nyingi Jumamosi.

Nimejiuliza kwa nini. Sisi wageni wa mji huu tumezoea kwamba kosa likijulikana, kazi imekwisha. Saluni, duka la simu, ghala la bandarini, ni yaleyale: ukivunja kitu unasukuma vipande chini ya kabati, maana nje wamesimama kumi wanaoitaka nafasi yako. Hata watoto tumewalea hivyo. Lakini nikijificha nyuma ya ugeni nitakuwa nadanganya tena. Nani angenifukuza pale gerejini? Mzee angenifokea kwa Kiswahili na Kifaransa, angenikalisha mbali na meza mwezi mzima, basi. Aliwahi kunisimulia kwamba karakanani kwao spana ikipotea ndani ya mashine kazi zote zilisimama mpaka mwenye kuipoteza aseme, na aliyesema hakuchekwa. Kwa hiyo sikuwa na la kuogopa. Nilitaka tu aendelee kunidhania mtu makini. Na wiki ileile, Mungu anisamehe, safu hii iliwasuta wakubwa wasiokubali makosa yao, na baadhi yenu mkaniandikia kunipongeza. Nyani haoni kundule.

Mazishini walinipa nafasi ya kusema machache, nikausifu uangalifu wake, watu wakaitikia. Jana, kabla ya kuleta makala haya kwa mhariri, nilikwenda kwa binti yake, nikamweleza yote bila kujipunguzia. Hakulia. Alisema polepole, akiniita mjomba kwa Kifaransa chao, "Tonton, tulimpeleka kwa daktari mara mbili. Walimpima kichwa, wakasema iko mzima. Alikataa kuamini. Mtoto wangu amezaliwa, amefika miaka mbili, Papa hakumbeba hata siku moja. Alisema atamsahau pa mahali."

Nikaomba radhi. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumwomba aseme. Mtoto mwenyewe alikuwa sakafuni anachezea vifuniko vya sufuria, akaniletea kimoja, na mikono yangu ikakataa kukipokea. Nilitoka pale nikijua jambo ambalo ningeweza kulijua bure, miaka mitatu iliyopita, kwa sentensi moja: kosa ulilolificha halikai kimya mahali ulipoliacha, hutafuta mtu mwingine wa kulibeba, na mara nyingi humpata aliye mwema kuliko wewe. Kama unalo la mtu, mpelekee leo, angali ana pumzi ya kukufokea.