Simu ya Mshona Majoho

Kwetu nyumbani hawachoki kuniuliza kazi yangu ni gani, na mimi nimeshachoka kueleza. Nasema tu hivi: mtu akitafuta kitu kwenye simu, mimi ndiye ninayehangaika ili duka la mteja wangu litokee juu, si kule chini ambako hakuna anayefika. Mama yangu husema hiyo ni kazi ya kukaa. Haya, ni kazi ya kukaa, na mgongo unauma vilevile.

Mteja wangu wa kwanza wa kudumu alikuwa mama mmoja anayeshona majoho ya kwaya hapa Machakos mjini. Alikuwa na chumba kimoja chenye dirisha kubwa linalotazama barabara, na dirishani alitundika joho la zambarau lenye ukosi mweupe. Nilimwita mwaitu, kama sisi Wakamba tunavyomwita mama yeyote wa rika la mama zetu. Yeye aliniita "wewe msichana," nami nimeshapita miaka thelathini.

Alikuwa na kichwa kigumu katika jambo moja. Kiongozi wa kwaya akimtumia orodha ya vipimo, hakuisoma. "Leta watu," alimwambia. Wasipoweza kuja, alipanda gari na tepu yake mpaka Masii au popote walipo, akawapima mmoja mmoja baada ya ibada. Niliwahi kumuuliza kwa nini anajitesa hivyo. "Wanawake hudanganya kiuno," akasema, "na wanaume hudanganya kifua. Mimi nashona mwili, sishoni maneno."

Nilimtengenezea ukurasa mtandaoni, nikaujaza yale maneno ambayo sisi wa kazi hii huyajaza tukiwa na haraka: huduma bora, bei nafuu, karibu sana. Nikaahidi kwamba pole pole atapanda. Baada ya wiki chache, asubuhi moja, akanitumia picha ya kioo cha simu yake. Alikuwa ameandika "majoho ya kwaya Machakos," na jina la duka lake lilikuwa juu kabisa. Chini ya picha aliandika: "Mimi niko wa kwanza! Mungu akubariki."

Nilijua papo hapo kilichotokea. Mwaitu alikuwa akijitafuta kila asubuhi kabla ya kuwasha cherehani, akijiona, akijibonyeza, na simu yake ikajifunza kwamba huyu mama anapenda duka hili. Ikawa inamwekea mbele. Kwenye simu yangu mimi, siku hiyo hiyo, alikuwa katika ukurasa wa pili wa matokeo, karibu na mwisho.

Ningeweza kumweleza kwa dakika tano. Sikumweleza. Niliandika "Hongera mwaitu, tunaendelea," nikaweka na kile kidole gumba cha pongezi. Kusema kweli nilifurahi. Ni nadra sana mteja kukushukuru katika kazi hii, wengi hukupigia tu kukuuliza mbona simu hailii. Nikajiambia nitamweleza wiki ijayo, na wiki ijayo ikafika na picha nyingine, na nyingine tena. Mara kanisani kwake nikawa natajwa. Nikawa napokea sifa za kazi ambayo haijafanyika, na sikuwa hata na aibu ya kutosha kunikosesha chakula.

Mambo yakaendelea hivyo miezi mitatu. Kisha Jumanne moja akanipigia nikiwa namenya viazi.

"Wewe msichana, mimi nahama mjini," akasema. "Nimeambia mwenye nyumba. Ijumaa narudisha funguo, naenda kushonea nyumbani."

Nyumbani kwake ni Katelembo, ndani ndani, ukitoka kwenye lami unatembea kati ya mashamba ya mbaazi mpaka unajiuliza kama umepotea. Hakuna mtu hupita huko akiwa na kwaya ya kuvalisha.

"Na wateja, mwaitu?"

"Si wananipata kwa simu? Niko wa kwanza. Dirisha ni la nini?"

Nikamwambia nitampigia. Nikakaa na kisu mkononi, viazi vimeisha na mimi bado nimekaa. Yule mama alikuwa anaacha dirisha lililomlisha miaka yote kwa sababu ya picha niliyoijibu kwa kidole gumba. Niliandika ujumbe mrefu, nikaufuta. Nikaandika mfupi, nao nikaufuta. Kitu kama hicho hakisemwi kwa ujumbe, na mimi nilikuwa nimeshajificha nyuma ya simu vya kutosha.

Jumatano asubuhi nikaenda dukani. Nilimkuta anabadilisha zipu ya sketi, mwenye sketi ameketi kwenye benchi amejifunga leso, anasubiri. Majoho ya rafuni yalikuwa yameshafungwa kwenye magunia. Nikasalimia, kisha nikamwomba yule mwanamke simu yake kwa dakika moja. Akanitazama, akamtazama mwaitu, akanipa.

"Mwaitu, jitafute kwa hii," nikasema.

Akavaa miwani. Akaandika maneno yake yale yale. Duka la kwanza halikuwa lake, wala la pili. Akateremka, akateremka, akaingiwa na wasiwasi, akaniuliza kama mtandao uko chini. Nikamwambia uko sawa, aende ukurasa wa pili. Huko akajikuta, chini ya muuza mapazia wa mji mwingine kabisa.

Nikamweleza yote. Kwamba simu yake humwonyesha anachokipenda. Kwamba nilijua tangu picha ya kwanza. Sikujitetea, maana nilikuwa nimejaribu utetezi wote njiani nikaona hauna kichwa wala miguu.

Alirudisha simu kwa mwenyewe, akashona zipu mpaka mwisho, akaipandisha na kuishusha mara tatu, akakata uzi, akamkabidhi mwanamke sketi yake na kumtakia siku njema. Mwanamke alipotoka ndipo akanigeukia.

"Mimi hupima watu arobaini," akasema, sauti haikupanda hata kidogo. "Mmoja mmoja. Najua wote wananidanganya, na bado napima. Wewe ulikuwa na mtu mmoja tu wa kupima."

Nilitamani anitukane. Ningelia kidogo, yangeisha. Lakini aliinuka akafunga mlango, akasema twende kwa mwenye nyumba, na kwamba msemaji nitakuwa mimi.

Mwenye nyumba ni mzee wa Kiislamu ambaye ukoo wake ulitoka Pwani zamani. Ana duka la vitambaa mtaa wa pili, na ndiko mwaitu hununua vitambaa vyake. Alitukaribisha viti, akatuuliza habari za nyumbani kwa utaratibu wake, na mimi nikaona kila salamu inaniongezea jasho. Kisha nikasema. Nilisema huyu mama anahama kwa sababu yangu, nilimwacha aamini kitu nilichojua si kweli, naomba asiondolewe.

"Chumba nishampa mtu, mwanangu," mzee akasema. "Muuza viatu. Neno nimeshalitoa." Halafu akaniuliza kwa upole, "Na wewe hasa kazi yako ni ipi?"

"Kuhakikisha anaonekana."

"Na ulihakikisha?"

"Hapana, mzee."

Akatikisa kichwa, akamwita muuza viatu kwa simu. Walizungumza kwa muda mrefu, mwaitu akiwa ametazama sakafu. Mwishowe wakakubaliana kugawana: viatu mbele, cherehani nyuma, pazia katikati. Muuza viatu alikuwa na haki, alikuwa ameshaagiza mzigo. Dirisha likawa lake. Lile joho la zambarau likashushwa siku ya Ijumaa, na mahali pake zikapangwa raba za watoto. Nilikuwepo, nilisaidia kubeba. Iliniuma, na ilistahili kuniuma.

Nilidhani atanifukuza. Nikamuuliza, bora nijue moja. Akasema, "Nikikufukuza nani atanitoa huku nyuma ya viatu? Fanya kazi uliyosema unafanya."

Basi nikaifanya. Nilifuta huduma bora na bei nafuu. Nikakaa naye siku nzima nikiandika anachofanya kwa maneno yake: jinsi anavyochagua kitambaa kisichochosha mwimbaji kwenye jua kali, jinsi anavyoacha upindo wa kuongeza mwakani mtu akinenepa. Nikapiga picha za majoho yenyewe, yakiwa yamevaliwa na wenyewe. Wateja wake wa kweli tukawaomba waandike wanavyomwona, hata yule aliyelalamika kwamba alicheleweshewa tukamwacha na malalamiko yake, na mwaitu akamjibu kwa adabu. Nikagundua pia kwamba watu wengi hutafuta fundi anayeweza kuja mpaka kanisani kupima. Hilo analifanya tangu zamani, na mimi sikuwa nimeliandika popote. Ule ukaidi wa tepu ndio uliokuwa biashara yake, na mimi nilikuwa nimeukalia.

Kila mwisho wa mwezi nilikwenda dukani, tunaazima simu ya mtu asiyetujua, tunatafuta pamoja. Mwezi wa kwanza, ukurasa wa pili bado. Wa pili, bado, tena ameshuka. Nilimwambia ameshuka. Akasema "sawa," akaendelea kushona. Sasa nafanya hivyo kwa wateja wote, na kuna wawili wameniacha kwa sababu hawapendi kusikia. Waende salama.

Mwezi wa tano, siku ya kazi, akaja kiongozi wa kwaya kutoka upande wa Lukenya. Mwaitu alinisimulia baadaye jinsi alivyoingia akipenya kati ya viatu na kuuliza kama ndipo kwa yule mama anayekuja kupima. Hakuwa anamjua mtu yeyote hapa mjini. Mwaitu hakumwuliza idadi ya waimbaji wala rangi. Alimwomba kwanza simu yake.

Mimi nilikuwa benki kwenye foleni ujumbe wake ulipoingia. Ilikuwa picha ya kioo cha simu chenye ufa pembeni, na kidole gumba cha mtu mwingine kimeishikilia. Nikaikuza kutafuta jina la duka. Chini yake mwaitu alikuwa ameandika: "Wa nne. Simu si yangu."