Toa Ulimi

Mama alipoanza kuniita kwa jina la kaka yake, mjomba wangu aliyekwisha kufa zamani, niliudhika kwanza kabla ya kuhuzunika. Mjomba alikuwa na kitambi na matege. Mimi matege sina.

Nilikuwa nimemchukua mama kutoka kijijini kwetu Handeni, upande wa Kwedizinga, nikamleta Korogwe mjini ninakoishi na mke wangu. Muda wa kumuuguza nilikuwa nao tele. Shamba la mkonge nililokuwa karani wake lilipata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya akaona makarani wamekuwa wengi kuliko katani. Nilirudi nyumbani na kiti changu cha ofisi, nikakiweka barazani, nikawa nakaa hapo kila asubuhi na shati la kuchomekea, kama vile kuna mtu anakuja kutaka sahihi yangu. Hakuja mtu, isipokuwa kuku.

Mwili wa mama ulikuwa na nguvu. Alichambua choroko, alifua kanga zake, aliswali kwa wakati. Ni mimi tu niliyekuwa nimemtoka kichwani. Mimi wa utotoni alinikumbuka vizuri, na alimsimulia mke wangu vituko vya huyo mtoto huku wakicheka, kisha ananigeukia.

"Kaka, hivi yule mwanangu wa mwisho yuko wapi? Mbona haji kuniona?"

Nami nimekaa palepale, kwenye kiti changu. Iliniuma sana, sina haja ya kuficha. Nilitaka jambo moja tu: kabla hajaondoka duniani, aniangalie japo mara moja ajue kwamba ni mimi, na kwamba nilikuja.

Ndipo redio iliponipa matumaini. Zile redio za watu binafsi zilikuwa zimeanza kusikika, na kila moja ilikuwa na daktari wake. Siku hiyo daktari alikuwa anaeleza kwamba matunda madogo yenye rangi nzito, meusi au ya zambarau, yanaisaidia mishipa ya moyo, na yanaufaa pia ubongo wa mtu anayezeeka. Nikasogeza kiti. Akasema, "Kwa mfano, matunda kama vile..." na betri zikafa. Nilizitoa nikazianika juani, nikazirudisha zikiwa za moto. Redio ikapiga taarab.

Mtu mwingine angesubiri kipindi kirudiwe. Mimi nilivaa viatu nikaenda dukani. Miaka ya rafu tupu ilikuwa imepita. Kila kitu kimekuwa ruksa, na duka la karibu na stendi lilikuwa na matofaa yaliyofungwa moja moja kwenye karatasi, juisi za boksi, na chupa za jemu zenye picha ya matunda meusi yenye umande. Sikulijua jina lake, lakini yalikuwa madogo na yalikuwa meusi. Nikachukua chupa ya kwanza.

"Hii ni ya kupaka kwenye mkate, mzee," muuza duka akaniambia.

"Najua," nikamjibu, na nikatoka kama mtu anayejua.

Mama nikawa nampa kijiko asubuhi na kijiko jioni. Alikipokea kwa adabu, akalamba midomo. Baada ya siku chache nikaanza kumtahini.

"Mama, mimi nani?"

Alinitazama kwa huruma. "Kaka yangu, siku hizi unasahau mpaka jina lako?"

Nilifikiri labda na moyo wangu nao ulihitaji kuangaliwa, maana umri ulikuwa unakwenda na ajira ilikuwa imekwisha kwenda. Kwa hiyo mgonjwa akawa anapata kijiko kimoja na daktari wake viwili. Ni katika juma hilohilo nilipoitafuta miwani nyumba nzima nikiwa nimeivaa, na Ijumaa nikaenda msikitini na kandambili za mke wangu, zenye maua.

"Mzee," mke wangu akasema, "naona hiyo dawa yako inafanya kazi kinyumenyume."

Akaichukua chupa, akaigeuza, akasoma maandishi madogo ya nyuma ambayo mimi, pamoja na ukarani wangu wote, sikuwa nimeyagusa. Alisoma polepole kwa Kiingereza chake cha shule: sukari, maji, rangi, harufu.

"Matunda yako wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye picha."

Kipindi kiliporudiwa nilikuwa tayari, na betri mpya. Daktari akasema hata matunda ya porini kwetu yamo: zambarau, furu. Yaliwe kama chakula, miaka nenda rudi, pamoja na mboga na kutembea kwa miguu. Yanasaidia kutunza kilichopo, akasema, hayarudishi kilichokwisha potea. Sentensi hiyo ya mwisho niliisikia vizuri kabisa. Nikaamua kwamba hainihusu, kwa sababu nilikuwa bado nimesimama kwenye neno furu.

Nyuma ya nyumba yetu kijijini kulikuwa na mfuru. Furu ni tunda la ukubwa wa gololi. Likiiva linakuwa jeusi, tamu, na linapaka ulimi weusi usiotoka hata kwa maji. Tulikuwa tunashiba furu, ugali wa mama unalala. Akapiga marufuku. Jioni alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akatupitisha mmoja mmoja: "Toa ulimi." Mweusi, mwiko. Ndugu zangu walikubali yaishe. Mimi peke yangu, mwenye akili, nilikwenda jikoni nikausugua ulimi kwa majivu ili uwe mweupe. Ukawa wa kijivu, ukavimba, na shikamoo yangu ikatoka kama ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanyanyuka, na mwiko nikaupata vilevile.

Kwa hiyo nilipanda basi la Handeni nikiwa na kesi dhidi yake: aliyeninyima dawa ya ubongo utotoni ni yeye.

Mti ulikuwepo, na furu zilikuwa zimedondoka hata hakuna pa kukanyaga. Niliziokota nikajaza kapu. Nikaona ni vyema kuonja moja, nisije nikampelekea mgonjwa furu mbichi. Kuonja kulichukua muda mrefu. Mzee mwenye mvi, amepiga magoti chini ya mti, anatema kokwa; wachungaji wa Kimaasai waliokuwa wakipita na ng'ombe wao walinisalimia kwa upole, wakaharakisha mwendo.

Nilifika Korogwe jua likiwa bado lipo. Mama alikuwa kwenye mkeka barazani, ungo wa choroko mapajani. Njiani nilikuwa nimeyapanga maneno yangu: nitamlisha kwanza, nitampumzisha kidogo, ndipo nimuulize. Nikaweka kapu chini.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Alikuwa anautazama mdomo wangu. Akauweka ungo pembeni, taratibu, asimwage choroko, akanyanyuka akishikilia ukuta.

"Toa ulimi."

Mke wangu alikuwa ametoka mlangoni na kijiko mkononi, akasimama. Nami, niliyewahi kuwa na mhuri wa ofisi na kiti cha kuzunguka, nikatoa ulimi barazani kwangu, mchana, majirani wakipita.

Mama alinishika kidevu, akaugeuzia uso wangu kwenye mwanga. Vidole vyake vilikuwa na vumbi la choroko. Aliutazama ulimi, kisha akayatazama macho yangu, na uso wake ukaanza kucheka kutokea pembeni, kama zamani.

"Wewe mtoto wewe," akasema. "Na leo hukupaka majivu?"

Machozi yalikuwa yananitoka na ulimi ulikuwa bado nje, na niliogopa kuurudisha mdomoni nisije nikawa mjomba tena.