Mchicha wa Shimoni

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa kwamba jembe nimelishika vizuri ila ardhi sijaijua. Ilikuwa mwaka 1964, mimi na mama yangu ndio kwanza tumeteremka melini kutoka Unguja. Bibi Mkubwa mmoja, mwenye ujamaa wa mbali na marehemu baba, alitupokea nyumbani kwake Ruwi. Nyinyi mnaoijua Ruwi ya mabenki na stesheni ya mabasi mtacheka, lakini ile yetu ilikuwa mitende, visima na vumbi. Bibi Mkubwa alizaliwa Unguja akaletwa Maskati kuolewa, na Kiswahili chake kilikuwa kizima. Alitupa chumba cha uani, nami akanikabidhi bustani ya mboga nyuma ya jiko.

"Chumba ni chenu maadamu bustani inalisha jiko," aliniambia. "Baridi ikiingia sijaona mboga, n'tamleta mtu mwengine na chumba kitakuwa chake. Usinikasirikie, mwanangu. Nna midomo mingi humu ndani."

Sikumkasirikia. Nimelima tangu utotoni, nikaona nimepewa kazi ya mchezo.

Mkubwa wangu wa pili alikuwa bidari. Bidari ni mtu anayeshika mitende na maji: ndiye anayemwongoza ng'ombe avute maji kisimani, na ndiye anayejua maji yaelekezwe wapi na yakatwe wapi. Huyu wetu alikuwa mtu mzima, mkavu, ukipata maneno matatu kwake umebahatika. Ndiye aliyenifunza kwamba huku hakipandwi kitu mpaka nyota ya Suhail ionekane alfajiri upande wa kusini, kwani hapo ndipo joto linapoanza kuvunjika. Kabla ya hapo kazi ni kuvuna ndimu na kuzianika mpaka ziwe nyeusi na nyepesi, za kutia mchuzini. Basi nikavuna, nikaanika, nikangoja nyota.

Mama alikuwa akingoja meli. Kila asubuhi akimaliza kusali huniuliza, "Zuwena, meli lini?" Nami humjibu, "Bado, mama." Alitoka kwetu na nguo alizovaa, pamoja na mbegu za mchicha alizozifunga kwenye pindo la kanga. Nilipomwomba nizipande, alinipa nusu, nyengine akazifunga tena fundo.

"Hizi za kurudia," alisema. "Tukifika nyumbani tutapanda nini?"

Suhail ilipoonekana nikainua matuta. Kwetu nani halimi matuta? Mvua za vuli zikishuka, kilichokuwa chini kinaoza. Niliyanyoosha barabara, mama akanisifu. Bidari akaja, akayatazama, akaonyesha ardhi kwa kidole. "Chini," alisema kwa Kiarabu. Nikamjibu kwamba mchicha haupandwi chini. Hakubishana nami, akarudi kwa ng'ombe wake.

Mchicha uliota, nami nikawa nampa kila mtu khabari zake. Kumbe maji ya kisima kile yalikuwa na chumvi, kidogo tu, ya kuvumilika mdomoni. Maji yakipanda tutani jua linayanyonya, chumvi inabaki juu. Haukupita muda migongo ya matuta ikawa myeupe, miche ikaanza kuungua kuanzia nchani. Nikazidisha maji, chumvi nayo ikazidi. Bibi Mkubwa alipita, akaangalia, kisha akautazama mlango wa chumba chetu, nami nikaingiwa na khofu.

Nikamfuata bidari kisimani, nikamwomba anionyeshe hiyo chini yake. Hakunicheka, Mungu amrehemu. Alichimba jalba, yaani kitanda cha mraba kilichoshuka kuliko njia, chenye kingo za udongo pande zote, ili maji yakiingia yatuame na kuizamisha chumvi chini ya mizizi. Akachanganya samadi na dagaa wakavu waliopondwa, wanaoletwa na wavuvi wa Sidab. Ile harufu ilinikaa nyweleni mpaka nikajichukia.

Mama alisimama mlangoni akalitazama lile shimo.

"Hilo kaburi," alisema. "Miye mbegu zangu sizitii kaburini."

"Mama, zile za mwanzo zimekufa. Tukikosa mboga tutatoka humu."

"Na tutoke. Si tunarudi kwetu?"

Nilichoka. Siku nyingi nilikuwa nimeyasikia ya kwetu kutoka kwa waliofika baada yetu, nikayameza ili nisimuumize. Siku ile yalinitoka. "Mama, meli hakuna. Nyumba yetu inakaliwa na watu wengine."

Akakaa kizingitini. Bibi Mkubwa alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Alikuja akakaa naye pale pale chini, na nguo zake safi.

"Miye nilipoletwa huku bibi harusi," alimwambia, "nilikuja na mbegu za mnavu. Nikaziweka, nikisema hizi za kurudia. Siku nilipozifungua, dada yangu, nilikuta vumbi. Wadudu walishazimaliza."

Alasiri mama alikuja bustanini. Sikuthubutu kumwomba fundo, naye hakunipa. Alishuka mwenyewe kwenye jalba, miguu mitupu, akalifungua fundo kwa meno. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, kwa hivyo huchanganywa na mchanga mkavu zisirundikane. Alizichanganya kiganjani, akazirusha zote, akalikung'uta na pindo lenyewe. Kisha akamwambia bidari kwa Kiswahili, "Fungua maji, polepole." Bidari hajui Kiswahili, lakini aliyafungua polepole.

Kabla ya baridi tulivuna. Mchicha hukatwa juu ya majani ya chini, haung'olewi, nao huchipua tena. Na mashina mazuri kuliko yote huachwa yazae mbegu. Bibi Mkubwa alikula, akaongeza, akauliza kama kesho upo. Chumba kikabaki chetu. Baadaye nikahamishiwa Ansab, kwenye bustani ya binti yake, nikafanya kazi huko mpaka 1970. Mwaka ule Sultani mpya akafungua nchi, na watu wetu walipoanza kuja kwa wingi, wengi walifika na mafundo yao kangani, na wengi waliinua matuta. Niliwapitia nyumba kwa nyumba nikiwaambia wachimbe chini. Wapo walionitukana, kisha wakanifuata.

Sasa nimestaafu. Nyuma ya nyumba yangu nina jalba moja, na Septemba ikifika nashuka taratibu, magoti yakinilalamikia. Mama amezikwa huku huku. Wajukuu wananiuliza, katika miaka yote ile ya kazi, ni siku gani ninayoikumbuka zaidi. Wanadhani nitasema siku ya mavuno.

Mimi naikumbuka asubuhi iliyofuata ile alasiri ya kupanda. Mama alimaliza kusali, akakunja msala, nami jibu langu nilishaliweka tayari kama kila siku. Akaniangalia.

"Zuwena, zimeota?"

Tulikuwa tumepanda jana yake tu. Nikageuza uso asinione ninavyolia.

"Bado, mama."