Siku Nilipomvalisha Mama Mkwe Mashine ya Adui

Heri niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia mtaani Kampemba, maana kule wameiongezea mpaka wanasema nilifukuzwa karamuni kwa fimbo, na fimbo haikuwepo hata moja (kulikuwa na mwavuli, na haukunifikia). Aibu yenyewe inatosha jinsi ilivyo, haihitaji msaada.

Baba mkwe wangu, Muzee Ilunga, aliendesha treni za mizigo maisha yake yote, na alipostaafu familia ya mke wangu Clarisse ikaamua kumfanyia karamu kwenye ukumbi wa parokia. Kila mtu akapewa kazi. Mimi, mkwe mpya ambaye bado walikuwa wananipima kwa macho, nikapewa fulana: zichapishwe kwa siri, kifuani picha ya mashine ya muzee, yaani kichwa cha treni yake, juu yake maneno MUZEE WA MABAWA, na wageni wote wazivae. Tantine Mado, dada yake muzee, alinikabidhi kazi hiyo akiniita buko, yaani mkwe, kidole kikiwa karibu na pua yangu.

"Buko, hii njo examen yako. Ukiiharibu, tutajua mutoto wetu aliolewa na muntu wa namna gani."

Sasa, lazima niwaeleze jambo moja. Kwa watu wa reli wa kwetu, mashine kubwa za dizeli ni mbili, na huwezi kuzipenda zote mbili. Mabawa ni ile ambayo radieta zake za nyuma ni pana, zimejitokeza pande zote juu ya paa kama mabawa kweli. Ukiipa mafuta inakohoa kwanza moshi mweusi, inasitasita, kisha inaanza kutwanga polepole kama mama anayetwanga sombe, yale majani ya muhogo, na mlima ikishaushika haiuachi. Feni haina mabawa, mgongo wake umenyooka, juu ya paa ina feni kubwa za duara. Hiyo ukiigusa inaitika papo hapo, inalia kwa mluzi mwembamba, inakimbia, lakini mazuti (dizeli) inayokunywa ni balaa. Zote zina ekseli sita, nguvu karibu sawa, rangi ileile. Muzee Ilunga ni wa Mabawa. Rafiki yake Muzee Kabwe ni wa Feni, na hao wawili wamebishana tangu ujana wao, kwenye baa, kwenye matanga, hata mlangoni mwa kanisa, kila mmoja akiita mashine ya mwenzake jiko lenye magurudumu.

Haya yote niliyajua (na ndipo panaponiuma). Picha aliyonipa Clarisse ilikuwa imefifia, muzee amesimama katikati, nusu ya mashine haionekani, na mchapaji akasema hiyo kwenye kitambaa itatoka kama doa la mafuta. Nikatafuta nyingine kwenye simu, nikapata moja inayong'aa, rangi ni ileile, nikajiambia hii hii, nani atakwenda kuchungulia mgongo wa mashine kwenye kifua cha mtu? Mimi ninayelipwa na redio ili nihakikishe habari mara mbili kabla haijasomwa, sikumwonyesha hata mke wangu, eti iwe surprise.

Ikawa surprise.

Fulana ziligawiwa dakika za mwisho, watu wanazivuta kichwani wakiangalia saizi tu, na gari la muzee likaingia uani. Nyimbo, vigelegele, mistari miwili ya watu vifua mbele. Clarisse akanigeukia, akanitazama kifuani.

"Chéri, mabawa iko wapi?"

Muzee alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje. Akasoma maneno. Akaangalia picha. Akaangalia kifua cha pili, na cha tatu, akaenda hivyo mpaka mwisho wa mstari kama mtu anayekagua mabehewa. Kisha akaurudisha mguu wake ndani ya gari na kufunga mlango.

Mngenishauri ninyamaze. Hamkuwepo. Nikakimbilia dirishani: "Papa, pardon, ni kosa kidogo tu. Si zote ni locomotive? Zote zinavuta."

Kioo kikapanda. Sauti ikapenya kabla hakijafunga: "Nirudishe nyumbani Makomeno." Dereva, mpwa wake, akaanza kutafuta ufunguo ambao wote tuliuona mkononi mwake.

Hapo ndipo mwavuli wa Tantine Mado ulipoinuka. "Unaandika Mabawa, unaweka Feni! Ni sawa na kuandika jina ya bwana wa muntu juu ya sura ya mwanaume mwingine!"

Nikaomba kalamu nene ya wino kwa katekista, nikawapanga wageni, nikaanza kuwachorea mabawa mmoja mmoja. Kwa joto lile wino ukatanuka, mabawa yakawa masikio, na ua likajaa sungura wa chuma. Nikafika kwa mama mkwe. Nikasimama na kalamu hewani. Kwetu mkwe hata mkono hampi mama mkwe hivi hivi, sembuse kumchora kifuani! Mama akaangalia pembeni, mimi nikaangalia chini, nikamruka.

Na ndiye aliyesimama mbele kabisa, Feni safi kifuani, Muzee Kabwe alipoingia. Yule mzee akamfungulia mke wa rafiki yake mikono.

"Eh! Muone! Hata bibi yake anajua mashini ya kweli!"

Mlango wa gari ukafunguka kwa kishindo. Muzee Ilunga, ambaye familia nzima ilishindwa kumbembeleza, alitoka peke yake, miguu yote miwili.

"Kabwe! Acha bibi yangu!"

"Mi namuacha, lakini Feni haimuache!"

Wakaingia ukumbini wakibishana, sisi nyuma yao, na muzee akachukua maikrofoni, akaniita mbele. "Huyu njo buko yangu. Eko mu redio, anajua habari ya dunia yote. Leo tunamufundisha. Fanya Mabawa inapanda mulima."

Nikafikiri anatania.

"Kohoa kwanza!"

Nikakohoa.

"Hiyo ni mafua! Kohoa moshi!"

Nikakohoa moshi, nikatwanga kwa mdomo, tu, tu, tu, simu zote zimeinuliwa, na Kabwe akapiga kelele kutoka nyuma: "Papa, hiyo iko nakufa!" Kisha akadai haki yake, nikapigishwa mluzi wa Feni pia, nikatoa hewa na mate. Muzee Ilunga alicheka mpaka akashika meza. Akamwambia Tantine Mado: "Mumupe chakula. Ataweza, polepole."

Kwa hiyo bado ni mkwe. Lakini nimeapa: wakinituma hata chumvi, nitapiga picha ya pakiti, nitaituma, nitangoja jibu nikiwa nimesimama dukani.

Fulana zote zilichomwa, isipokuwa ya mama mkwe. Hiyo anaitunza kabatini, imepigwa pasi, na siku muzee akimuudhi anaivaa tangu asubuhi bila kusema neno. Siku hizo mimi Makomeno siendi.